Yanonge: Kabla ya kulipia mbuzi na imbwa kila mwezi, tuulize kwanza frigo iko wapi

Siku hizi kule Yanonge, katika teritware ya Isangi, mazungumuzo moja inarudi kila siku ya soko. Kijana mumoja aliyesomea uganga wa wanyama anapita nyumba kwa nyumba na pendekezo lake: kila familia imulipe 3.000 franka kwa mwezi, naye atatunza mifugo yote ya nyumba, kuanzia kuku mpaka imbwa. Anaiita abonema. « Yote iko ndani », ndivyo anavyosema. Wengine, waliokaa Kisangani na kuzoea asiransi ya magari, wanamujibu: hapana, hizo 3.000 tuziweke pamoja katika kasha moja, na mnyama wa mutu akikufa, kasha imulipe.

Watu wamegawanyika. Nimesikia hata bibi na bwana wakibishana juu ya jambo hili mbele ya wageni. Mimi naona pande zote mbili ziko na sehemu ya ukweli, lakini tunachanganya mambo mawili ambayo si moja. Na tukichanganya, feza yetu itapotea, na kuna hatari ingine kubwa kuliko feza.

Tuanze na tofauti. Abonema inalipia jambo ambalo unajua litakuja. Unajua kuku wako wanahitaji chanjo, mbuzi wanahitaji dawa ya minyoo, imbwa anahitaji chanjo ya kichaa kila mwaka. Unagawanya tu garama hiyo kwa miezi ili isikulemee siku moja. Asiransi inalipia jambo usilolijua: mbuzi kuanguka katika shimo, kugongwa na gari, kuumwa na nyoka. Wengi wanalipa kidogo, na wachache waliopatwa na msiba wanasaidiwa. Likelemba tunaijua sote: ile ni kupokezana, kila mutu anapata zamu yake. Asiransi si likelemba. Katika asiransi, heri ni usipate zamu hata siku moja.

Asiransi ya wanyama si jambo jipya duniani. Swideni, imbwa wa kwanza aliwekewa asiransi mwaka wa 1924. Marekani, kontra ya kwanza ya imbwa ilitolewa mwaka wa 1982, kwa imbwa aliyecheza Lassie kwenye televizyo. Karibu na sisi, kule Marsabit kaskazini mwa Kenya, wafugaji walianza kupata asiransi ya mifugo mwaka wa 2010, kwa musaada wa wachunguzi wa ILRI. Lakini tuangalie namna inavyotembea: hakuna anayekuja kuhesabu ngombe waliokufa. Picha za satelaiti zinapima majani, na majani yakikauka kupita kiasi fulani, feza inatoka. Ni kwa ajili ya ukame. Sisi wa kando ya muto Kongo, katikati ya pori na mvua, satelaiti itapima nini? Kinachomaliza mifugo yetu ni magonjwa.

Nchi yetu nayo imefungua mulango. Sheria ya mwaka wa 2015 iliondoa SONAS katika hali ya kuwa peke yake kwenye soko la asiransi, na leo kuna kampuni zingine zinazochungwa na ARCA. Ni jambo zuri. Lakini mimi bado sijaona wakala wa kampuni akishuka kwenye mutumbwi Yanonge kuuza asiransi ya mbuzi. Na ninaelewa sababu yake. Atajuaje kwamba mbuzi aliyekufa ni yule aliyeandikwa? Atajuaje kwamba hakupakiwa usiku kwenye balenyeri ya kwenda soko la Kisangani? Garama ya kutuma mutu kuhakikisha ingepita bei ya mbuzi mwenyewe.

Basi wanasema: tufanye sisi wenyewe, tunajuana. Tupige hesabu. Tuseme familia 40 zinalipa 3.000 kila moja: ni 120.000 franka kwa mwezi, 1.440.000 kwa mwaka. Tuseme mbuzi mumoja ni 100.000. Mbuzi akikufa mumoja kwa mwezi, kasha inatosha na kitu kinabaki. Lakini ikiingia ile tauni ya mbuzi na kondoo, ile ambayo mwaka wa 2012 shirika la FAO lilipiga kengele juu yake hapa Kongo, mbuzi 30 wanaweza kwenda kwa majuma mawili. Hiyo ni milioni 3. Hata kama kasha haikuguswa mwaka muzima, italipa mbuzi 14 tu. Wale 16 wengine wenyewe watasema nini? Watasema kiongozi wa kasha amekula feza. Na hapo jirani hasemeshani tena na jirani.

Ndiyo maana nasema: kasha ya kijiji kimoja haiwezi kubeba ugonjwa unaopiga kijiji kizima kwa mara moja. Asiransi inasimama pale wengi wako wazima na wachache wameanguka. Mvua ikinyesha juu ya nyumba zote, hakuna jirani wa kukukopesha pahali pakavu.

Kwa hiyo, kama tunapaswa kuchagua pa kuanzia, mimi nachagua abonema. Tauni ya mbuzi iko na chanjo. Ugonjwa wa kuku unaoitwa Newcastle, ule unaofagia lupango lote kwa siku chache, uko na chanjo pia. Kuna moja inayowekwa tone moja ndani ya jicho, inayovumilia joto kidogo, na inayorudiwa kila miezi 3 ao 4. Franka inayozuia mbuzi asikufe inafanya kazi kuliko franka inayomulilia akiisha kufa.

Lakini kijana wetu asifurahi haraka, juu niko na maulizo kwake pia.

La kwanza: « yote » ni nini? Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, wala chanjo yake hatuipati hapa kwetu. Mama mumoja jirani yangu alipoteza nguruwe wake wote, na kila mutu aliyemuuzia sindano alikuwa amemuuzia maji tu. Nguruwe analindwa na lupango lililofungwa, chakula kisichochanganywa na mabaki ya nyama ya nguruwe, na kukataa kununua mnyama wa bei rahisi wakati ugonjwa unatembea. Mutu akiweka homa hiyo ndani ya abonema, anadanganya.

La pili: kwa nini kila mwezi? Chanjo moja ya tauni ya mbuzi inalinda kwa miaka 3 hivi. Imbwa anachanjwa mara moja kwa mwaka. Ni kuku ndio wanaorudi mara nyingi. Basi tulipe kufuatana na kazi iliyofanywa, si kufuatana na kalendari. Feza ibaki kwa mama muweka-kasha wa likelemba, ambaye watu wamemuzoea, na itoke siku ile chanjo imetolewa mbele ya macho na kuandikwa ndani ya kaye.

La tatu, na ndilo kubwa: frigo iko wapi? Chanjo ya kichaa cha imbwa na ile ya tauni ya mbuzi zinapaswa kukaa katika baridi, kati ya digri 2 na 8, kutoka Kisangani mpaka ndani ya sindano. Chupa iliyolala siku mbili ndani ya mufuko juani haimulindi mnyama. Nayo haionyeshi alama yoyote kwa macho yetu. Tutalipa, tutatuliza moyo, na mnyama atabaki vile alivyokuwa. Kijana atuonyeshe sanduku la barafu, atuambie chanjo ilitoka wapi na siku gani. Kama hawezi, aanze na dawa ya minyoo na chanjo ya kuku, na bei ishuke.

Sasa nifike kwa imbwa. Mbuzi iko na bei sokoni. Imbwa wa kijiji hana bei. Kampuni haitamutaka, kasha ya kijiji haitamulipa, na baba wa nyumba akikosa feza, ni imbwa anayeondolewa wa kwanza kwenye abonema. Lakini mbuzi wako akikosa chanjo, hasara ni yako. Imbwa wako akikosa chanjo, hasara inaweza kuwa mutoto wa jirani. Kichaa cha imbwa kikiisha kuonyesha alama kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Duniani kinahesabiwa kuua watu 59.000 hivi kwa mwaka, wengi wao Afrika na Azia, na nusu karibu ni watoto. Wachunguzi wanasema imbwa 70 kwa 100 wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Hiyo haiwezi kuwa jambo la yule mwenye 3.000 peke yake. Serkali, kupitia ofisi zake za ufugaji katika jimbo la Tshopo, ilete chanjo ya imbwa bila malipo, angalau mara moja kwa mwaka. Mashirika ya dunia yamejiwekea mwaka wa 2030 ili watu wasikufe tena na kichaa hicho. Tuko karibu kuufikia, Yanonge isisahauliwe.

Na tukingojea, kila muzazi ajue: mutoto akiumwa na imbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbia kituo cha afya siku ile ile. Usingoje kuona kama imbwa atakufa.

Pendekezo langu kwa ndugu zangu ni hili. Tumupe kijana kazi, kwa kontra iliyoandikwa, yenye majina ya magonjwa yaliyo ndani na yale yasiyo ndani. Baada ya mwaka, kama kaye inaonyesha mifugo imechanjwa kweli, tuanze kasha ndogo ya misiba, kwa wale tu waliochanja, na yenye kusema wazi kwamba haitalipa tauni. Vijiji vingine vya Isangi vikijiunga, tutakuwa na nguvu ya kwenda kubisha kwa kampuni ya asiransi.

Kijana anarudi siku ya soko inayokuja. Tumupokee vizuri, tumupe kiti. Halafu tumuombe afungue sanduku lake.