Fundi, tafadhali weka hiyo koleo chini

Majuzi binamu yangu alinipigia simu Jumapili asubuhi. "Wewe si ni mtu wa kompyuta? Njoo uniangalilie redio ya gari." Kila anayeandika programu hapa Kenya anaijua sentensi hiyo. Ukishajua kompyuta, basi umejua pia televisheni, friji, pasi na gari. Nikaenda. (Kulikuwa na chapati, siwezi kuwadanganya.)

Gari lenyewe ni Toyota ndogo iliyotoka Japani, na ndani yake alikuwa amefungiwa redio mpya yenye skrini kubwa. Malalamiko yalikuwa matatu. Akizima gari, redio inasahau stesheni zote na saa inaanza upya. Besi haipo kabisa. Na spika moja ya nyuma iko kimya. Tukaichomoa redio, nami nikatafuta plagi ya gari iliyotoka nayo kiwandani. Haikuwepo! Ilikuwa imekatwa na kutupwa, na waya zake zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na waya za redio mpya, kisha zikafungwa tepu nyeusi. Joto la deshibodi lilikuwa limeyeyusha gundi ya tepu, kwa hivyo waya kadhaa zilikuwa wazi zikigusana na chuma kila gari likipita kwenye matuta.

Sasa wacha niseme msimamo wangu bila kuzunguka. Kwa magari mengi tunayoendesha hapa, hakuna sababu yoyote ya kukata plagi ya kiwandani ili ufunge redio nyingine. Hakuna. Kuna adapta inayouzwa kwa shilingi mia chache tu: upande mmoja una plagi inayoingia kwenye plagi ya gari, upande wa pili una waya za kuunganisha na redio yako. Unaunganisha waya na waya ukiwa umekaa mezani nyumbani, kisha kwenye gari kazi ni kuchomeka tu. Siku ukitaka kuirudisha redio ya zamani, unachomoa.

Sisi watu wa programu tunalielewa jambo hili kwa haraka. Ukitaka kutumia maktaba iliyoandikwa na mtu mwingine, huingii ndani ya faili zake na kuanza kufuta mistari. Unaandika kipande chako cha katikati kinachoongea na pande zote mbili. Ukikosea, unakosea kwenye kipande chako, na unakitupa. Plagi ya gari ni kiolesura. Mtengenezaji amekuahidi kwamba umeme wa kudumu uko kwenye pini hii na spika ya kulia iko kwenye ile. Ukiikata, ahadi yote imekwenda, na unabaki na kitita cha waya na kumbukumbu ya fundi ambaye mwezi ujao hata hatakukumbuka.

Na hapo ndipo rangi zinapowaponza watu. Redio nyingi za dukani zina rangi zinazofanana: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme unaokuja ukiwasha ufunguo, nyeusi ni hasi. Fundi amezizoea rangi hizo mpaka anaziota. Lakini gari halikutengenezwa na kiwanda kilichotengeneza redio. Kwenye Toyota nyingi, waya nyeusi ya plagi ile ya kiwandani ni ya spika ya nyuma kushoto, na nyekundu ni ya spika ya nyuma kulia! Umeme wa kudumu uko kwenye waya ya buluu yenye mstari wa njano, ule wa ufunguo uko kwenye ya kijivu, na hasi ni ya kahawia. Anayeunganisha nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, anaupeleka umeme kwenye spika. Hata hizo rangi nilizozitaja usiziamini kwa kuwa nimeziandika mimi. Pima kwa mita.

Tulipopima ya binamu, mambo yakajieleza yenyewe. Njano na nyekundu za redio zilikuwa zimesokotwa pamoja kwenye waya ya ufunguo. Waya ya njano ndiyo inayolisha kumbukumbu ya redio gari likiwa limezimwa. Ukiiweka kwenye ufunguo, kumbukumbu inakufa kila ukizima. (Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukizipeleka zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio haizimiki kabisa na siku moja asubuhi unakuta betri imelala.) Besi ilikuwa imepotea kwa sababu spika moja ya mbele ilikuwa imegeuzwa, chanya kwa hasi. Spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, sauti nzito zinauana hewani, na mwenye gari anaambiwa anunue spika mpya. Nasikia mafundi wengine wanamuuzia hata na subwufa.

Ile ya nyuma iliyokuwa kimya ndiyo iliyoniogopesha. Waya yake moja ilikuwa imefungwa kwenye bodi la gari, pamoja na hasi ya redio. Redio za siku hizi zinasukuma waya zote mbili za kila spika. Hakuna hata moja iliyo hasi. Ukiigusisha na bodi la gari unaweza kuchoma amplifaya iliyo ndani ya redio. Ya kwake ilikuwa bado inajilinda kwa kuikata ile sauti. Bahati tu.

Najua mafundi watanijibu, na wana hoja. Fundi analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Mteja anafika amebana bei mpaka mfupa, anataka gari ndani ya nusu saa, na hajaleta adapta. Wewe ungefanya nini? Kwa hivyo lawama nusu ni yetu. Mtu anatoa maelfu ya pesa kwa redio halafu anagoma kuongeza mia chache za adapta kwa kuwa "si waya ni waya tu". Binamu yangu ni mmoja wao, nami nimemwambia hivyo usoni.

Wako pia wanaosema gari ni langu, nitakata nipendavyo. Sawa. Lakini kila mkato unakula sentimita kadhaa za waya, na waya hizo zinatoka ndani ya deshibodi zikiwa fupi tayari. Redio ya pili, ya tatu, na fundi anaanza kuzifuata ndani kwa koleo ya pua ndefu.

Kwa watakaojaribu wenyewe, haya machache. Ondoa waya ya hasi ya betri kabla ya kugusa chochote. Lakini kumbuka kwamba baadhi ya redio za Kijapani zikikosa umeme hukataa kuwaka tena bila kadi yake ya SD ya ramani, kwa hivyo itafute kwanza kama unakusudia kuitunza ile ya zamani. Plagi na waya za njano zilizovishwa bomba la njano chini ya deshibodi mara nyingi ni za mifuko ya hewa: usiziguse, usizipime. Kwenye adapta, lehemu kwa risasi kisha uvishe mpira unaosinyaa kwa joto, au tumia viunganishi vya kubana kwa koleo yake maalumu. Usitumie vile vibanio vinavyouma waya ya gari katikati, maana vinakata nyuzi za ndani bila wewe kuona. Fyuzi ya waya ya njano ibaki mahali pake. Ukinunua adapta, angalia ni ile inayoingia kwenye plagi ya gari. Kuna nyingine inayofanana inayoingia kwenye redio ya kiwandani, na wauzaji huzichanganya.

Magari ya Ulaya yana mambo yake. Plagi ya ISO imepanga umeme wa kudumu kwenye pini ya 4 na wa ufunguo kwenye pini ya 7, lakini Volkswagen nyingi zimezigeuza. Ndiyo maana redio nyingi zina viungio vya kuchomoa kwenye waya ya njano na nyekundu: unabadilisha bila kukata. Na kwenye baadhi ya yale mapya zaidi hutapata kabisa waya ya ufunguo kwenye plagi, kwa sababu redio huamshwa na ujumbe wa mtandao wa CAN. Hapo adapta yenyewe ina kompyuta ndogo ndani, bei inapanda, na anayekuja na koleo anacheza na mawasiliano ya gari zima.

Ya binamu tuliimaliza saa kumi na moja jioni. Waya zisizojulikana za spika tulizitambua kwa betri ndogo ya volti 1.5: unagusa kidogo, spika inatoa mlio, na ikisukuma nje ujue chanya imekutana na chanya. Siku iliyofuata tulipata plagi ya Toyota iliyotolewa kwenye gari kuukuu, tukairudishia waya moja moja, kisha adapta ikachomekwa kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Besi ipo. Sasa anataka kamera ya nyuma, na ameshaanza kuniuliza kama kuna haja kweli ya kununua adapta yake.