Sikukuu ya Asili Katika Mji wa Wageni



Katika Injili ya Luka, siku ya nane baada ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, panazuka ubishi mdogo ambao mara nyingi tunaupita haraka. Majirani na jamaa wamekuja kushangilia pamoja na Elizabeti, nao wanataka mtoto aitwe Zakaria, jina la baba yake. Mama anakataa. Wanashangaa: katika ukoo huu nani amewahi kuitwa Yohane? Inambidi baba, aliyekuwa bubu, aandike jina hilo kwenye kibao. Hivyo sikukuu ya tarehe 24 Juni ilianza na swali la asili: mtoto huyu ni wa nani, na nani mwenye haki ya kumpa jina?

Swali hilo latuhusu sisi wa Kolwezi. Katika mji wetu vyama vya watu wa asili moja huandaa sherehe zao kwa ngoma, mavazi, vyakula vya nyumbani na hotuba za wazee. Wapo wasemao kwamba Mkristu hana haja nazo, kwa kuwa zinaleta ukabila. Wapo pia wasemao kwamba asiyecheza ngoma ya kwao hana kwao. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea.

Tuwatazame kwanza watu wa mbali walioichagua tarehe hiyohiyo kuwa sikukuu ya asili yao, yaani Wakanada wa asili ya Kifaransa. Mwaka 1834 mwenye gazeti mmoja wa Montréal, Ludger Duvernay, aliwaalika wenzake karamuni siku ya Mtakatifu Yohane. Mwaka 1908 Papa Pius X akamtangaza mtakatifu huyo kuwa msimamizi wao. Walipohamia Marekani kutafuta kazi viwandani, walikwenda na sikukuu yao. Katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, walikaa karibu na viwanda vya nguo, katika mtaa ulioitwa Kanada Ndogo. Hawakupendwa. Sheria ya Maine ya mwaka 1919 iliamuru masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na watoto wengi wakajifunza kuionea haya lugha ya mama zao. Leo Wakongo wamefika Lewiston wakiwa wahamiaji, na wazee wa Kanada Ndogo wanaketi nao kuzungumza Kifaransa. Lugha iliyofichwa kwa aibu imerudishwa vinywani kwa msaada wa mgeni! Huko Québec kwenyewe, tangu mwaka 1977 siku hiyo ni sikukuu ya taifa, ya wakazi wote, awe wa asili ya Kifaransa au la. (Wengine hulalamika kwamba katika mabadiliko hayo mtakatifu mwenyewe amesahauliwa, nasi twawaelewa.)

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya viwanda, wenyeji wa nchi hii, Wasanga na Wayeke miongoni mwao, waliyeyusha shaba wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Kisha ikaja Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ikaleta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Rodezia ya Kaskazini. Makambini walikaa mlango kwa mlango. Katika miaka ya 1950, Padre Placide Tempels, Mfransisko, alipoanza Jamaa hapa Kolwezi pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao, walielezana habari za uzima na mapendo kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wao haikuwa ya bibi zao.

Na bado, katika miaka ya 1992 na 1993, Likasi na hapa kwetu, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Walilala kwa majuma na miezi penye vituo vya treni wakingoja kupelekwa katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na wengine walikufa papo hapo, watoto wakiwa wa kwanza. Wako waliorudi baadaye. Vijana wenzetu wengi hawajui habari hii, kwa sababu nyumbani haitajwi.

Wanaotaka kuzima ngoma wafikiri hapo. Aliyemfukuza jirani yake hakutumwa na ngoma. Alitumwa na maneno ya wanasiasa, akampa jirani jina lisilo lake. Na wanaojivunia ukoo wamsikilize Yohane huyohuyo kando ya Yordani, akiwaonya watu wasijitape kwamba Abrahamu ni baba yao, maana Mungu aweza kumwinulia Abrahamu watoto hata katika mawe. Sisi tunaokaa juu ya mawe, tunaochimba mawe na kula kwa mawe, ilitupasa kulielewa neno hilo kuliko wote.

Basi twapendekeza jambo moja. Jioni ya tarehe 24 Juni, baridi ya kiangazi ikiwa imeshika, kila mtaa wa parokia uwashe moto mmoja, si moto kwa kila kabila. Kila nyumba ilete chakula cha kwao: bukari na sombe, viwavi, samaki wakavu, chochote kilichopo. Ngoma zichezwe zote, ila anayecheza ya kwake amfundishe kwanza jirani asiyeijua. Wanasiasa watapenda kutoa bia na fulana zenye picha zao. Tuzikatae kwa heshima, na kama tutakosa vipaza sauti, tutaimba kwa nguvu zaidi.

Jambo la mwisho ni gumu. Katika mitaa yetu wapo wazee walioondoka kwa treni ile wakarudi, na wapo waliosimama mlangoni wakiwatazama wakienda. Tuwaalike wote. Mmoja wao akitaka kueleza aliyoyaona, ngoma zinyamaze, tumsikilize mpaka amalize. Asipotaka, tumpe kiti karibu na moto, na mmoja wetu amletee sahani.