Uchambuzi: Watalii wa magari ya kulala wanaipita Kagera, nani wa kuwasimamisha?

KILA mwaka kati ya Juni na Septemba, mvua zinapopungua katika ukanda wa Ziwa Victoria na Wazungu wanapokuwa katika likizo zao za kiangazi, katika kituo cha mpakani cha Mutukula hupita magari ambayo si ya mizigo wala si ya abiria. Mengine ni malori yaliyogeuzwa nyumba, yenye vitanda, jiko na tangi la maji. Mengine ni Land Cruiser zilizofungwa hema juu ya paa. Wenye magari hayo hawatafuti hoteli. Wanatafuta uwanja tambarare wenye ulinzi, choo na maji safi, waegeshe na kulala humo humo.

Swali ambalo viongozi wa Mkoa wa Kagera wanapaswa kujiuliza ni hili: mgeni huyo akishavuka mpaka, tumemwandalia wapi pa kulala?

Kutoka Mutukula hadi Bukoba ni takriban kilomita 80, na kutoka Bukoba hadi Muleba ni takriban kilomita 70, zote za lami. Aliyevuka mpaka asubuhi anaweza kunywa chai Bukoba, akala mchana Muleba na jioni akawa Biharamulo. Tangu Juni 19, 2025, lilipofunguliwa Daraja la John Magufuli la Kigongo-Busisi, anayeelekea Mwanza na Serengeti hasubiri tena kivuko. Daraja hilo ni neema kwa Kanda ya Ziwa yote. Lakini barabara nzuri ina pande mbili: humleta mgeni haraka, na humwondoa haraka vile vile kama hakuna cha kumsimamisha.

Si kwamba Kagera haina vivutio. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707, ambayo sehemu yake imo wilayani Muleba. Mwaka huo huo zikazaliwa hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi tangu 1977, ingawa huko gari huachwa nchi kavu na mgeni huvuka kwa boti.

Ndani ya hifadhi, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) lina utaratibu wake wa kambi za umma na kambi maalumu, na ada hulipwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Fedha hiyo huingia serikalini. Pengo liko nje ya hifadhi, katika vijiji na miji, ambako mama muuza ndizi, mvuvi na mwenye duka nao wangetaka kuonja faida ya utalii.

Ni kweli kwamba historia imechangia. Kwa miaka mingi msitu wa Biharamulo uliogopwa kwa sababu ya majambazi wenye silaha, na mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Ugonjwa wa Marburg nao uliutikisa mkoa mara mbili, mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba na mwaka 2025 wilayani Biharamulo, kabla ya kutangazwa kuwa umekwisha. Habari za namna hiyo hukaa katika kumbukumbu ya wasafiri kuliko kauli za kuwatoa hofu.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa zaidi ni ardhi. Katika Bukoba na Muleba kila kibanja kina mwenyewe na ukoo wake, na makaburi ya wazee yamo humo humo kati ya migomba. Huwezi kuegesha gari na kuwasha moto popote upendapo. Panapobaki ni rweya, yaani nyanda za majani, na ufukwe wa ziwa. Pote pawili panahitaji tahadhari.

Rweya si ardhi isiyo na kazi. Wananchi hulisha mifugo na kukata nyasi za kutandaza mashambani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Kambi itakayoanzishwa kwa makubaliano ya ofisini, bila mkutano mkuu wa kijiji, itakuwa chanzo cha mgogoro. Kwa upande wa ufukwe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Vyoo na majiko, basi, vikae nyuma ya mstari huo, na ufukwe ubaki wazi kwa wavuvi na watoto wa Bukoba.

Wapo watakaosema kwamba mgeni anayelala ndani ya gari lake hana faida, kwani amebeba hata chakula chake. Hoja hiyo ina ukweli, kwa sababu mgeni wa hoteli hutumia zaidi kwa usiku mmoja. Lakini hoteli inahitaji mtaji mkubwa, ilhali kambi inahitaji uzio, maji, choo, bafu na mlinzi. Kijiji kinaweza kumudu gharama hiyo. Na anayejipikia lazima anunue samaki, ndizi, kahawa na mafuta ya gari mahali fulani.

Ipo faida nyingine isiyozungumzwa. Desemba, watu wa Kagera waishio Dar es Salaam na kwingineko hurejea nyumbani kwa Krismasi na mwaka mpya, na mkoa umekuwa ukiandaa tamasha la Ijuka Omuka, yaani "kumbuka nyumbani". Nyakati hizo vyumba vya wageni Bukoba huwa adimu. Uwanja uliowapokea wageni wa nje mwezi Julai ungeweza kupokea magari na mahema ya wenyeji mwezi Desemba. Misimu hiyo miwili haigongani. Ni kama kahawa na migomba katika kibanja kimoja.

Manispaa ya Bukoba na halmashauri za wilaya za Bukoba na Muleba hazihitaji kusubiri mwekezaji kutoka ng'ambo. Zitenge viwanja viwili au vitatu kando ya barabara kuu, zibandike ada hadharani, na zieleze bayana fungu la kijiji ni kiasi gani. Taasisi za dini zenye nyumba za wageni na viwanja vipana nazo zishirikishwe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni pita. Wakati umefika kwa Kagera kuamua inataka lipi.