Meli ikitia nanga Dar, Kilosa inapata nini?

Meli ya kitalii ikishafungwa kamba gatini Dar es Salaam, mgeni aliyemo hupata saa kumi au kumi na mbili za kukanyaga ardhi ya Tanzania. Jioni ngazi inapandishwa, na aliyechelewa amechelewa. Wengi wa wageni hao huzungushwa Kariakoo, Makumbusho ya Taifa na kwenye vibanda vya vinyago vya Mwenge, kisha hurudishwa bandarini. Wachache wenye hamu ya kuona tembo hupakiwa garini alfajiri na kukimbizwa Mikumi.

Kukimbizwa ndilo neno lenyewe. Kutoka Dar hadi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ni kilomita 283, na yeyote aliyewahi kukwama Kibaha au Mlandizi nyuma ya malori ya Zambia na Kongo anajua kwamba safari hiyo haipimwi kwa kilomita. Siku ya neema ni saa tano kwenda na tano kurudi. Mgeni hubakiwa na saa moja ya kumtazama twiga, huku dereva akitazama saa ya mkononi. Tena dereva anayewahi meli ni dereva anayekanyaga mafuta katikati ya hifadhi, kwa sababu barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inaikata Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Nyani hukaa pembeni ya lami wakisubiri maganda ya ndizi, pundamilia huvuka bila kuuliza, na usiku tembo husimama barabarani kama ukuta. Matuta yamewekwa, vibao vya faini vimesimikwa, na bado wanyama wanagongwa.

Basi reli imekuja na jibu. Treni ya abiria ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kwenda Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Stesheni ya Dar es Salaam, lile jengo lililochongwa kwa sura ya tanzanite, iko jirani kabisa na bandari. Morogoro unafika kwa muda usiozidi saa mbili. Treni ya kawaida, ile isiyo ya haraka, inasimama pia Mkata na Kilosa. Nauli za mwanzo zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro, 16,000 hadi Mkata na 18,000 hadi Kilosa. Mgeni aliyezoea bei za matembezi zinazouzwa ndani ya meli hatazipigia kelele nauli hizo.

Kwa hiyo tatizo la umbali limepungua sana. Lililobaki ni swali ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha: gari linalomsubiri mgeni pale treni inapomshusha ni la nani, na anayelishika usukani ni mtu wa wapi?

Kwa utaratibu uliozoeleka, matembezi ya nchi kavu huuzwa melini na kampuni ya meli. Kampuni hiyo huagiza kwa wakala wa Dar es Salaam, wakala hutoa gari lake na dereva wake, na hata lanchi boksi hufungwa mjini kabla ya safari: yai, kipande cha kuku, juisi ya paketi, ndizi moja. Mgeni huenda Mikumi na kurudi akiwa hajanunua hata hindi la kuchoma. Hifadhi hupata kiingilio chake, na hilo ni jema. Lakini mji wa Mikumi, unaobeba kero ya malori na ya ndovu wanaoshukia mashamba, huona vumbi la gari tu. Kilosa, makao makuu ya wilaya ambamo mji huo umo, haionekani kabisa.

Na Kilosa haistahili kupitwa.

Mfikirie dereva wa kule, mwenye Noah yake safi, anayeijua wilaya kwa kuiishi. Mgeni akishuka stesheni, jambo la kwanza atakalomwonyesha ni milima. Reli ya Kati ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, ilipita bonde la mto Mkondoa. Mkondoa ni mto mpole kiangazi, masika ni kitu kingine. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 ulifurika, ukazoa nyumba za watu Kilosa na kuling'oa tuta la reli, na kwa miezi kadhaa treni hazikupita. Maelfu walihamia kwenye mahema. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati ule leo ni kijana mwenye leseni ya udereva. Anakumbuka maji yalifika wapi ukutani kwao. SGR imepandishwa mlimani na kupitishwa kwenye mahandaki, na anayejua kisa cha mafuriko yale ndiye anayeweza kumweleza mgeni kwa nini.

Kisha sokoni. Dereva mgeni angesimamisha gari na kusema, “Hili ni soko, dakika kumi.” Dereva wa hapo anaingia kwa salamu. “Shikamoo bibi.” “Marahaba mwanangu, nani hao umewaleta leo?” Kabla mgeni hajashika kamera, ameshapewa kipande cha embe aonje, ameulizwa ana watoto wangapi, na bibi ameuza mafungu matatu ya ndizi. Fedha hiyo ni ndogo ukiilinganisha na kiingilio cha hifadhi, lakini inalala Kilosa. Mlo wa mchana kwa mama lishe, wali na maharage na mchicha, na kuku wa kienyeji kwa anayemtaka, unalala Kilosa vilevile.

Nje kidogo ya mji kuna Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo ambako zilitoka mbegu za mahindi zilizopandwa sehemu nyingi za nchi, Staha mojawapo. Upande wa Kimamba na Rudewa kuna mashamba ya mkonge, zao lililoingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mzungu mwenye bustani kwao atasimama saa nzima hapo kama atapata wa kumjibu maswali.

Lakini kama ni kisa kimoja tu cha kumpeleka mgeni Kilosa, ni cha Msowero, wilayani humo. Novemba 1884 kijana wa Kijerumani wa miaka 28, Karl Peters, alitokea Unguja na kuvuka hadi Saadani, akapanda bara kupitia Nguru na Usagara akikusanya mikataba. Hakukaa bara hata miezi miwili. Msowero alikutana na mtawala wa hapo, Mangungo, na karatasi aliyoondoka nayo ilidai kwamba mtawala huyo ameitoa nchi yake yote. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi iliyojengwa juu ya karatasi za aina hiyo, na ukoloni wa Kijerumani ukaanza rasmi. Tanzania nzima inalijua jina hilo. Bungeni na vijiweni, mkataba mbaya wa madini au bandari huitwa “mkataba wa Mangungo”, na msemaji hudhani amemaliza.

Hapo ndipo mtu wa Kilosa ana la kuongeza, na ni vizuri aachiwe aliseme. Karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Mangungo aliweka alama tu, hakuweka saini, na aliyemtafsiria alikuwa upande wa mwenye karatasi. Si haki jina la mzee aliyedanganywa liwe tusi la taifa huku la aliyemdanganya likisahaulika. Mtalii wa Kijerumani akilisikia hili akiwa Msowero penyewe, kutoka kinywani mwa Mkaguru au Msagara, amepata kitu ambacho hakuna tembo wa kumpa. Dereva aliyekaririshwa maelezo mjini ataipita Msowero bila kujua kwamba ameipita.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi kuna njia ya kilomita 70 na ushei inayopita kijiji kiitwacho Ulaya. Jina hilo liko kwenye ramani, na kituo cha Ulaya kipo kwenye tawi la reli ya zamani iendayo Kidatu. Mtu aliyevuka bahari kutoka Ulaya akapigwa picha chini ya kibao cha Ulaya, wilayani Kilosa, ataionyesha picha hiyo kwao kabla ya ile ya simba. Barabara yenyewe kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi, na masika ya tope. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka dereva anayejua wapi gari linazama.

Ukweli usemwe kuhusu muda. Kilosa na Mikumi kwa pamoja, ndani ya siku moja ya meli, ni mzigo mzito. Mgeni wa saa kumi achague: ama Morogoro kwa treni na Mikumi kwa gari, ama Kilosa kwa treni kwenda na kurudi. Vyote viwili viachiwe wale ambao meli yao inalala bandarini, au waliotoka Unguja kwa boti wakiwa na siku mbili mkononi. Anayemuuzia mgeni yote kwa siku moja anarudia kosa lilelile la kumkimbiza, safari hii kwa treni.

Wapo watakaosema kwamba dereva wa Mikumi hana leseni ya utalii, ile ya TALA, hana bima inayotakiwa wala Kiingereza cha kutosha. Hoja ina uzito, na usalama wa abiria haupigiwi mnada. Ila mtu mwenye gari moja kijijini hawezi kubeba gharama na makaratasi yaliyopangwa kwa kampuni yenye magari ishirini. Wakulima wa nchi hii walilijibu swali la namna hiyo zamani kwa ushirika. Madereva wa Mikumi na Kilosa wanaweza kusajili chama kimoja chenye leseni moja, bima moja na bei moja iliyobandikwa ukutani. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Mikumi penyewe. Kozi fupi ya lugha, huduma ya kwanza na historia ya wilaya haihitaji kuanza kujenga jengo. Halmashauri ya Kilosa ingetenga eneo la maegesho na kibao stesheni. Shirika la Reli, TRC, lingepanga treni ya asubuhi kwa kuangalia ratiba ya meli, ambayo bandari huijua mapema, na shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, lingeipa nafasi kampuni yoyote inayochukua dereva wa hapo.

Fedha za kuukuza utalii wa kusini zimewahi kupatikana. Mradi wa REGROW, uliopata mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2017, uliihusisha Mikumi pamoja na hifadhi za Ruaha, Udzungwa na ile iliyokuwa Selous, na mwaka 2024 ukasitishwa kabla haujakamilika. Ulizungumza mengi kuhusu barabara, viwanja vya ndege na malango. Chama cha madereva hakihitaji fedha za kiwango hicho. Kinahitaji ofisi tatu za serikali kukaa meza moja kabla ya msimu wa meli, na mawakala wa Dar kukubali kwamba sehemu ya kazi si yao.

Jioni, wageni wakiwa wamerudi behewani na treni imeanza kuutafuta mwelekeo wa Mkata, dereva wa Kilosa atageuza gari apitie tena sokoni. Bibi wa ndizi atakuwa anafunga. “Kesho kutwa nakuletea wengine sita, bibi.” Naye atamjibu bila kuinua uso kwenye tenga: “Waje, mwanangu, ila waambie waje na chenji.”