Mja mzito mwenye misuli inayochoka

Tuseme dada yako wa Mtito Andei ni mja mzito. Asubuhi anachota maji bila shida, lakini jioni kope zinamwangukia na kutafuna muthokoi kunamshinda. Majirani watasema ni uvivu wa mimba! Yamkini ni mayasthenia gravisi, ugonjwa nadra ambao kinga ya mwili hushambulia mahali neva inapoupa msuli amri.

Asiache tembe zake kwa kumhofia mtoto. Piridostigmini huendelea kutumiwa katika ujauzito. Methotreksati na mikofenoleti ndizo za kuepukwa, na daktari ndiye hubadilisha, ikiwezekana kabla ya mimba.

Ninachohofia zaidi ni kingine. Kifafa cha mimba kikinukia, wauguzi hudunga magnesiamu salfeti, dawa iliyookoa akina mama wengi. Yeye inaweza kumkata pumzi. Ugonjwa wake uandikwe kwa herufi kubwa kwenye kitabu cha kliniki, maana usiku huo huenda hana nguvu za kuongea. Hospitali yenye mashine ya kupumulia itafutwe mapema. Nairobi na Mombasa zote ziko zaidi ya kilomita 200. Mtoto naye akinyonya kwa ulegevu, daktari aambiwe mara moja. Kwa kawaida hali hiyo huisha baada ya wiki chache.