Kulipa nusu ya deni hakufuti historia ya mkopaji

MKULIMA wa Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, aliyekopa Sh5,000 kwa simu anunue mbegu kisha mvua ikamhini, hushusha pumzi mkopeshaji anapokubali kupokea Sh2,500 ili mambo yaishe. Swali ambalo wachache huuliza ni hili: je, nusu hiyo husafisha jina lake?

Jibu ni ndiyo na la. Deni hufa, lakini kumbukumbu yake hubaki.

Kenya iliweka kanuni za mashirika ya kuhifadhi taarifa za mikopo (CRB) mwaka wa 2008, na shirika la kwanza likapewa leseni na Benki Kuu (CBK) mwaka wa 2010. Chini ya utaratibu huo, taarifa za aliyeshindwa kulipa kwa wakati hudumu miaka mitano baada ya kumaliza deni. Aliyepunguziwa huonyeshwa kuwa hadaiwi tena, ila atakayesoma ripoti yake ataona kwamba aliwahi kukwama.

Mfano mkubwa zaidi ulishuhudiwa Novemba 2022. CBK ilitangaza mpango ambapo benki zingesamehe angalau asilimia 50 ya mikopo ya simu iliyokwama kufikia mwisho wa Oktoba mwaka huo, mradi iwe ya kulipwa ndani ya siku 30. Wakopaji zaidi ya milioni 4.2 walilengwa, na mikopo hiyo ilikuwa ya takriban Sh30 bilioni. Walioafikiana na benki walipewa hadi Mei 31, 2023, kulipa salio, na hadhi yao ikabadilishwa kutoka kwa wadaiwa waliokwama.

Mpango huo ulikuwa wa muda. Leo, mdaiwa anayetaka kupunguziwa hana budi kujadiliana mwenyewe na mkopeshaji, na hapo ndipo wengi huteleza.

Kwanza, kuna hesabu ya deni lenyewe. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hairuhusu benki kutoza riba inayopita kiasi cha mkopo kilichosalia wakati ulipokwama. Anayepunguziwa deni lililofura kupita mpaka huo huenda hajasamehewa chochote.

Pili, kuna maandishi. Ahadi ya kwenye simu haina uzito iwapo mkopeshaji ataendelea kuripoti salio lililosamehewa kama deni. Barua inayosema kwamba kiasi kilicholipwa ni cha mwisho ndiyo ngao ya mkopaji, pamoja na ripoti ya CRB, ambayo kila Mkenya ana haki ya kuipata bila malipo mara moja kwa mwaka.

Athari zake si haba. Tangu ukomo wa riba uliowekwa 2016 uondolewe Novemba 2019, benki zimeruhusiwa kupanga riba kulingana na hatari ya mteja. Hapo awali, kijana aliyetafuta kazi serikalini naye alitakiwa kuwasilisha cheti cha CRB.

Hata hivyo, kulipa nusu ni afadhali kuliko kutoroka. Miaka mitano huanza kuhesabiwa deni linapomalizwa. Anayezima simu huiahirisha tu siku hiyo. Lakini aliye na uwezo wa kulipa deni lote asiukimbilie msamaha, kwani dawa ya deni ni kulipa.