Namba ya gari niliiandika pajani

Wiki hii mapenzi na viwalo tunaviweka kando. Kuna kasheshe imenipata mimi na baiskeli yangu, na nimeshindwa kukaa nayo kifuani.

Ilikuwa jioni, natoka Bariadi mjini kurudi kwetu Ngulyati. Kwenye keria nimempakia mdogo wangu wa kike wa miaka tisa, kakumbatia mkate na daftari jipya. Mara nasikia honi nyuma. Siyo ile ya kuomba njia, ni ile ya kutukana. Kabla sijageuka mchomoko ukapita mbio, kioo cha pembeni kikanipiga kiwiko, sote wawili mtaroni. Gari halikusimama. Mkono ukatoka dirishani ukapunga kama wa mgombea ubunge.

Nikakaza macho kwenye namba. Kalamu sina, nikaiandika kwa kidole kwenye vumbi la suruali, hapa pajani. Mdogo wangu kachubuka goti na kidevu, mkate umejaa mchanga. Akaniuliza, "Kaka, kwani sisi tumekosea nini?"

Sikuwa na jibu. Huku kwetu baiskeli ndiyo gari. Enzi tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijazaliwa mwaka 2012, baiskeli za kubeba abiria pale Shinyanga mjini watu waliziita daladala. Baiskeli imebeba pamba, maji, wagonjwa na maharusi. Leo mwenye injini anatuona kama mbuzi waliokatiza barabara.

Nyumbani ndiko mambo yakawa magumu. Dereva tunamjua. Ni huyo huyo aliyembeba bibi usiku wa manane kumkimbiza hospitali, na hela yake akasubiri wiki mbili bila kelele. Mama akasema taratibu, "Mwanangu, ukimpeleka polisi, siku tukiugua usiku tutabebwa na baiskeli yako?"

Usiku ule sikulala. Mama ana hoja. Lakini kila nikifumba macho nakiona kidevu cha yule mtoto.

Asubuhi nikatinga kituo kimoja cha polisi, jina nalimeza. Afande wa kwanza kaniuliza, "Umegongwa au umeguswa? Shahidi unaye? Kwa nini msiyamalize huko huko nyumbani?" Halafu akatupia jicho baiskeli yangu. "Na breki yako iko wapi?" Nikamwonyesha kandambili. Kituo kizima kikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje?

Lakini sikuondoka. Nikasema, "Afande, la breki nimekubali. La gari naomba liandikwe." Basi akaja afande mwingine, mwanamama, akamwinua mtoto kidevu, akamwambia, "Hebu nieleze wewe." Mtoto akamwaga stori yote, mpaka ule mkate. Ikaandikwa. Nikapewa namba ya RB, mtoto akapewa PF3 ya kwenda nayo hospitali.

Kesho yake dereva akaitwa. Alikuja na maneno mengi: sijui baiskeli zinajaa barabarani, sijui hazina taa. Alipoona bandeji kwenye kidevu cha mtoto, maneno yakaisha. Akaandikiwa faini ya 30,000 na gharama za matibabu akalipa. Tukitoka akanivuta pembeni. "Dogo, si ungenifuata nyumbani tu?"

Nikamjibu, "Ningekufuata vipi kaka, na wewe hukusimama?"

Wiki mbili hakunisalimia. Akinipita barabarani, kimya, uso mbele kama sanamu. Ila nikagundua kitu: ananipita kwa mbali, gari kalipeleka upande wa pili kabisa. Salamu sina, lakini nafasi ninayo.

Juzi usiku bibi akabanwa tena kifua. Mama hakusema neno, aliniangalia tu. Nikaenda kumgongea jamaa. Katoka na shuka mabegani, kanitazama, kaingia ndani kuchukua ufunguo. Njiani tulikuta baiskeli mbele yetu haina taa. Akapunguza mwendo, akakaa nyuma yake mpaka barabara ilipokuwa nyeupe, ndipo akapita. Tulipofika akadai nauli yote, papo hapo, hakuna cha kusubiri wiki mbili. Nikalipa roho safi.

Wenzetu Ufaransa sheria inamtaka dereva akimpita mwenye baiskeli amwachie mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Uingereza watu wanafunga kamera kwenye kofia, video wanawatumia polisi. Sisi kamera yetu ni macho, basi tuyatumie. Namba za magari yetu hazina ugumu: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Shika hiyo kwanza, hasira baadaye. Kariri rangi ya gari, mahali na saa. Aliyeona mwombe jina pale pale, maana kesho atakuwa hakuona kitu. Nenda kituoni mapema, usitoke bila RB. Mtu akiumia vibaya, piga 112.

Na wewe mwenye baiskeli, usijidai malaika. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakuhusu na wewe. Ukienda kushtaki huku breki yako ni kandambili, utachekwa kama mimi. Funga breki, weka taa, usitambe katikati ya barabara kama njia umerithi kwa babu.

Kuna watakaosema nimemchongea jirani. Sawa. Lakini mdogo wangu aliniuliza tumekosea nini, na sasa jibu lake limeandikwa kwenye kitabu cha polisi: hakukosea kitu.

Tukutane wiki ijayo. Mimi nakwenda kwa fundi, breki zimefika.